Maswali ya Wasomaji: Trekta Inayokausha Betri

SWALI: Fundi, assalamu alaykum. Nina trekta ya Massey Ferguson 35 yenye injini ya Perkins ya silinda 3, ambayo marehemu baba alituachia na ambayo hadi leo hulima mashamba yetu na ya majirani. Tangu masika yaliyopita imeniharibia betri mbili. Maji hukauka upesi, betri hutoa harufu ya yai viza, na taa za mbele huungua ninapolima usiku. Nimeshauriwa kwamba dinamo inayochaji betri imechoka, niing'oe nifunge altaneta badala yake. Je, nikubali?
Msomaji, Mambrui, Malindi

JIBU: Wa alaykumu salaam. Usikubali, angalau kwa sasa. Dinamo iliyochoka haikaushi betri wala haiunguzi taa. Huiacha betri na njaa, na taa zikafifia. Dalili zako ni za dinamo nzima iliyokosa wa kuizuia, na kazi ya kuizuia ni ya katauti, kile kisanduku kilichofungwa kati ya dinamo na betri.

Ndani ya kisanduku hicho mna koili mbili. Ya kwanza hukata njia ya betri injini inapozimwa, ili umeme usirudi kwenye dinamo. Ya pili hudhibiti volti: zikipanda, sumaku yake huvuta ulimi na kuachanisha platini (vile vidoto viwili vinavyogusana kupitisha umeme), umeme unaolisha koili za dinamo ukalazimika kupita kwenye rezista inayoupunguza, volti zikashuka, platini zikagusana tena, na hayo hurudiwa mara nyingi kila sekunde. Sumaku hiyo hupata nguvu kwa umeme unaomalizikia kwenye bodi, yaani chuma cha trekta, kupitia waya wa E. Waya huo ukishika kutu, sumaku hulegea, platini hazifunguki, na dinamo hutoa umeme bila kipimo. Kwa trekta inayokaa Mambrui, ambako kusi hupuliza unyevu wa chumvi mchana na usiku, mimi ningeanzia hapo kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Weka mita kwenye vichwa vya betri, washa injini, kisha ongeza mafuta polepole. Volti zikipanda hadi 14 na kitu kisha zikatulia, katauti inafanya kazi. Zikizidi kupanda kila unapoongeza mafuta, zikapita 16, udhibiti haupo. Hapo chukua kipande cha waya, uunganishe E ya katauti moja kwa moja na bodi ya dinamo, upime tena. Zikishuka, ugonjwa umeuona: zima injini, fungua nati, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, kaza, upake grisi kidogo kwa juu.

Zisiposhuka, zima injini, chomoa waya wa F (ule unaolisha koili za dinamo) kwenye katauti, kisha washa tena. Dinamo inapaswa kuacha kuchaji. Ikiendelea, waya wa F na wa D (ule unaoleta umeme kutoka kwenye dinamo) zimechunika na kugusana mahali fulani kati ya katauti na dinamo, au zimegusana ndani ya dinamo yenyewe. Ikiacha, basi huenda platini za udhibiti zimegandana. Ondoa kwanza waya wa betri, zipitishe msasa laini sana, uzifute kwa spiriti. Skrubu ya kurekebishia usiiguse kabla ya kumaliza haya yote. Nimeona katauti nyingi nzima zikiharibiwa na bisibisi ya mtu mwenye haraka.

Betri uliyo nayo iongeze maji maalumu ya betri mpaka yafunike sahani, si ya kisima, na wala si asidi. Ikichajiwa ikajaa, kisha ikapumzishwa usiku kucha, ikasoma karibu volti 12.6, bado ina maisha.

Altaneta ni kifaa kizuri, hasa kwa anayewasha taa nyingi injini ikizunguka polepole, hali ambayo dinamo huimudu kwa shida. Lakini matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, ilhali altaneta nyingi za madukani zinataka hasi. Ukiifunga bila kugeuza betri, diodi zake, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zitaungua papo hapo. Kwa hiyo, hata ukija kuamua kuifunga baadaye, angalia kwanza ni kichwa kipi cha betri kilichofungwa kwenye bodi ya trekta yako.