Kabla Hujapeleka Kamera kwa Fundi: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: kamera yangu imekufa? Kwa hizi tulizochagua, kamera zote ni nzima. Picha mbovu hubeba ushahidi wa kilichoiharibu, na kuusoma ushahidi huo ni bure. Utazame kwanza, hela uitoe baadaye.

Napiga picha za harusi. Kuna ukumbi mmoja ambamo picha zangu hutoka na mistari mipana ya giza na njano iliyolala, lakini nje ni safi. Fundi ananiambia shata (pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie) imekufa. Ni kweli? (Mpigapicha, Kampala)

Usibadilishe shata, ndugu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba nje ni safi; shata mbovu haichagui ukumbi. Hapo kisa ni taa.

Umeme wetu Uganda ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini kamera ikiwa kwenye shata ya kimya, yaani ya kielektroniki, husoma sensa (kile kibao cha ndani kinachonasa picha) mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Sehemu iliyosomwa taa ikiwa imefifia hutoka na giza, iliyosomwa taa ikiwa imeng'aa hutoka angavu. Hata shata ya kawaida, ukiipeleka 1/500 ya sekunde na zaidi, hunasa kipande tu cha huo mzunguko.

Ingia kwenye menyu uzime shata ya kimya. Kisha shusha kasi hadi 1/100, au 1/50 kama watu wametulia. Kwa kasi hizo kila picha hupata mzunguko kamili wa taa, na mistari hupotea. Kama kamera yako ina sehemu iliyoandikwa Anti-flicker, iwashe: itasubiri taa ing'ae ndipo ipige, ingawa picha za mfululizo zitapungua kasi kidogo. Umeme ukikatika na jenereta ndogo ikachukua nafasi, Hz 50 huyumba, kwa hiyo mistari inaweza kurudi hata ukiwa kwenye 1/100. Shuka 1/50. Taa za jukwaani na skrini kubwa zina mdundo wao usiofuata umeme wa ukutani. Hapo jaribu kasi moja baada ya nyingine huku ukitazama picha.

Kwa video, weka mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Kamera nyingi zilizotumika zinazotoka Japani na Marekani huja zikiwa kwenye mfumo wa NTSC, fremu 30 na 1/60, na ndiyo maana taa zinachezacheza kwenye video.

Ukitaka kuhakikisha, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wa ukumbi huo, piga picha kadhaa kwa 1/500, kisha kadhaa kwa 1/50. Mistari ikihamahama kwenye zile za kwanza na kutoweka kwenye za pili, ni taa. Ikibaki mahali palepale, hata ukiwa juani, hapo kweli nenda kwa fundi.

Usichanganye mistari hii na mkanda mmoja mweusi, upande uleule kila mara, unaotokea ukitumia flashi. Huo ni kwamba umezidisha kasi inayoruhusiwa kwa flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Vitoa ishara vya kuwashia flashi kwa mbali, vile vya bei rahisi, huchelewa kidogo, kwa hiyo 1/160 ni salama zaidi.

Kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi) wageni hukaa chini ya mahema ya rangi. Chini ya hema la kijani nyuso zinakuwa za kijani, chini ya jekundu zinaiva kama zimechomwa. Nikirekebisha kwa kompyuta, kanzu zinageuka waridi. Nisaidieni. (Mhariri wa picha, Masaka)

Kwanza, piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. JPEG ya namna hii haina cha kuokoa. Kabla sherehe haijaanza, ingia chini ya hema na karatasi nyeupe isiyong'aa, au kadi ya kijivu, uishike pale nyuso zitakapokuwa, uipige, kisha uitumie kuweka rangi nyeupe ya kamera kwa mkono. Ukihama hema, rudia.

Hema jekundu ndilo hatari kuliko yote. Nyekundu hujaa kwenye sensa kabla ya kijani na bluu, na ikishajaa, ngozi hupoteza umbile lake. Shavu linakuwa bapa. Hakuna kitelezi cha kwenye kompyuta kitakacholirudisha. Fungua grafu ya rangi tatu kwenye kamera, siyo ile moja ya kijivu, na ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga stopu moja, yaani nusu. Flashi usiigongeshe juu: itapiga turubai na kurudi na rangi ileile. Ielekeze mbele kupitia kitambaa cheupe, au mgeuze mhusika atazame upande ulio wazi.

Sasa kanzu. Mwanga wa juu umepita kwenye turubai, ule wa pembeni ni wa anga tu, kwa hiyo picha moja ina rangi mbili. Ukisukuma picha nzima kuelekea waridi ili kuua kijani cha uso, kanzu iliyo karibu na ukingo wa hema, ambayo haikuwa na kijani, inageuka waridi. Rekebisha picha nzima nusu tu ya njia, kisha kwenye programu chora barakoa, yaani eneo maalumu la kurekebishwa, juu ya nyuso na umalizie hapo peke yake. Programu ya Lightroom inaweza kuchagua watu na ngozi yenyewe. Kagua kingo za nywele na kola. Na mwenye sherehe akikuuliza mapema, mwambie akodi mahema meupe.

Kadi yangu ya kumbukumbu inasema inahitaji kufomatiwa, na ndani mna picha za mahafali. (Mwanafunzi, Gulu)

Usibonyeze kitu, dada au kaka. Toa kadi kwenye kamera, sukuma kile kiswichi cha pembeni kwenye kufuli, ujaribu kisomaji kingine. Ikiwa ni microSD, badilisha adapta. Mara nyingi ndiyo yenye kosa.

Kompyuta ikiiona kadi, tumia PhotoRec, programu ya bure. Ielekeze ihifadhi picha kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe, maana kila kinachoandikwa juu yake kinafuta kilichokuwa chini. Majina ya faili yatapotea, picha nyingi zitarudi. Ambazo zimeshaandikiwa juu hazirudi.

Zikirudi nusu picha na nusu kijivu, shuku kadi bandia: imeandikwa GB 128 huku ndani ina chache tu, na ikijaa inaharibu za zamani. Kila kadi mpya ipime ikiwa tupu, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Huchukua saa kadhaa. Ivumilie.

Nimenunua Nikon D3200 na lenzi ya zamani. Inaandika fEE na haipigi. (Msomaji, Mbale)

Lenzi yako ina pete yenye namba za tundu linalopitisha mwanga. Izungushe hadi namba kubwa kuliko zote, mara nyingi 22, uifunge kwa kile kiswichi kidogo. Ikiwa ni ya aina ya AF-D, fokasi utaivuta kwa mkono, kwa sababu D3200 haina mota ndani ya kuizungusha. Hiyo si hitilafu.

Napeleka wageni kuona sokwe (gorila) katika msitu wa Bwindi. Picha zao hutoka ama na ukungu, ama sokwe wa kijivu aliyetikisika. Niwaambie nini? (Kiongozi wa watalii, Kisoro)

Manyoya meusi huidanganya kamera. Inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na mweusi anakuwa kijivu. Waambie wabonyeze kitufe cha +/- washuke hadi -0.7 au -1. Flashi hairuhusiwi, na wazime pia kile kitaa kinachosaidia fokasi. Kwa lenzi ya mm 200, shata isishuke chini ya 1/250, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, waiache ipande hadi 3200 au 6400. Watalalamika kuhusu chenga, vile vidoadoa vya picha. Chenga hupunguzwa kwenye kompyuta. Uso uliotikisika hautengenezeki. Fokasi iwe ya nukta moja, juu ya jicho, la sivyo itashika majani.

Ukungu hutokana na kutoa lenzi kwenye gari lenye kiyoyozi na kuiingiza ghafla kwenye unyevu wa msitu. Kiyoyozi kizimwe mapema, na begi libaki limefungwa kama nusu saa ili lenzi ipate joto polepole. Wakianza kufuta kwa shati watakwangua kioo, na ukungu utarudi palepale. Mkianza kupanda mlima na begi limefungwa, mtakapowafikia sokwe lenzi itakuwa kavu, na ile saa moja mliyopewa ya kukaa nao haitaishia kwenye kufuta.