Mama kapata kiharusi, mguu unaburuza

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, kiharusi kilimpata miezi 4 iliyopita, upande wa kulia ukalegea. Sa hivi anasimama akishikwa ila mguu unaburuza. Majirani wanasema ikishapita miezi 3 ndo basi tena, tumkande tu na mafuta. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Si kweli kabisa, na hayo maneno yanawakatisha watu tamaa bure! Miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo ndo mwili unarudi haraka, baada ya hapo unaenda pole pole lakini unaenda. Kumkanda sawa, anasikia raha, ila ubongo haujifunzi kutembea kwa kukandwa, unajifunza kwa kutembea, kwa hiyo mkalishe kwenye kiti kigumu kisichoyumba, ainuke akae ainuke akae mara 10 hivi, apumzike arudie, na uzito aupeleke na mguu wa kulia asiukwepe, wewe simama upande huohuo dhaifu umlinde asianguke. Msimvute mkono ule, bega litaumia. Fimbo ashike kushoto, wengi wanakosea hapo.

Huo mguu unaoburuza, muulizeni mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) kuhusu kile kifaa cha plastiki cha kushika kifundo cha mguu, kinainua vidole visijikwae, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa vifaa hivyo. Na kama anatumia dawa za presha, asiache hata akijisikia mzima.