Mume wangu alimlilia baba kwa sauti, sasa kaka zangu wanamsema

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya, alisilimu kabla hatujaoana, na tunaishi Tanga. Baba yangu amefariki majuzi kwetu Pangani. Mume wangu alifika jeneza ndiyo linatolewa, akapiga ukelele, akamwita baba kwa jina huku machozi yanamtiririka, mbele ya wanaume wote. Kaka yangu mkubwa akamshika mkono: "Jikaze, wewe mwanaume." Tangu hapo wanasema analia kama mwanamke. Mwanangu wa miaka minane kayasikia, kaniuliza kama baba yake ni muoga. Mume wangu naye kaapa kwamba kwenye arobaini hakanyagi. Kaka zangu hawakudondosha hata chozi, ingawa wifi ananiambia huyo mkubwa halali tangu mazishi, usiku anakaa nje peke yake. Niwapatanishe vipi?*
*Binti wa Pangani*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mzee.

Mimi ni mtu wa pwani kama wewe, lakini nimefundisha Kisumu miaka mingi na nimekaa kwenye matanga mengi ya Kijaluo. Mumeo hakumwaibisha baba yako. Alimpa heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Kwao mzee akifa, wanaume ndio wanaotangulia kwa vishindo. Wana desturi ya tero buru: wanaswaga ng'ombe mpaka nje ya kijiji, wengine wamejifunga majani mwilini, wameshika mikuki na ngao, au fimbo tu, wanakimbia na kupiga kelele kukifukuza kifo kwenye boma la marehemu. Siku hizi utaona na bodaboda zinapiga honi. Niliwaona walimu wenzangu, watu wapole wa chaki na daftari, wanarudi vumbi limewajaa usoni na machozi yamechora michirizi juu ya lile vumbi, sauti zimekauka kwa kumwita marehemu kwa majina yake ya sifa. Sikusikia mtu akiwaambia wajikaze. Anayesemwa kule ni mkwe anayekuja kimya na kukaa kitako kama mgeni.

Wala kaka zako wasidhani Wajaluo wamelelewa kwa kudekezwa. Wazee niliowakuta walikuwa na pengo la meno sita ya chini, waling'olewa ujanani kwa mila, na kijana hakutakiwa kugumia. Jirani zao Wabukusu wa Bungoma humpaka kijana tope la mtoni, akasimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Kujikaza wanakujua sana. Ila Mjaluo akishavumilia maumivu ya mwili wake mwenyewe, kifo cha mzee wake anaruhusiwa kukililia mpaka amalize.

Na sisi je? Siku ya arobaini kaka zako watashika miiko mikubwa uani, waonje chumvi ya pilau, wapakue. Kwetu mpishi wa shughuli ni mwanaume, na mwenye mkono mzuri anatafutwa mji mzima. Huko Siaya, mama akimkuta mwanawe anakoroga sufuria jikoni ataingiwa na wasiwasi. Wanaume wetu wanashikana mikono njiani wakizungumza, Ijumaa wananukia udi toka mlangoni, na hakuna anayewaita wanawake. Kwa hiyo neno hilo walitumie kwa uangalifu.

Kaka zako wana haki kwenye jambo moja: dini inakataza kuomboleza kwa mayowe, na mumeo ni Mwislamu. Basi mtu mzima anayemheshimu amweleze hilo faraghani, kwa upole. Machozi hayamo kwenye katazo hilo. Mtume (S.A.W.) alilia mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf aliposhangaa, Mtume alimjibu kwamba hiyo ni rehema, kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yakawa meupe. Wakasome Sura ya Yusuf, aya ya 84. Nionavyo mimi, "kama mwanamke" imetokana na namna tunavyogawana msiba: wanawake ndani na kilio chao, wanaume nje mkekani na ukimya wao, hata mwanaume akilia anaonekana kavuka mlango.

Usiwakabili kaka zako, hasa mbele ya wake zao. Nenda kwa mama. Yuko edani, hatoki, lakini neno lake litafika. Yeye mwenyewe amwite mumeo, amwambie anamtaka kwenye arobaini ya mumewe. Kwa nilivyowajua Wajaluo, mama mkwe hakataliwi. Na awaambie wanawe kwamba aliyelia alikuwa anamlilia mume wake yeye, na kwamba ameridhika.

Mtoto asiachwe na swali lake. Amjibu baba yake, leo, amsimulie wazee wa Siaya wanavyozikwa na kwa nini alimlilia babu vile.

Anayenitia hofu ni kaka yako mkubwa. Umemtaja mwishoni kama jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sisemi ndugu yako amefika huko. Nasema asiachwe akae nje peke yake. Wifi amuulize wazi anawaza nini, amtafutie mtu wa kukaa naye usiku, na mambo yakipatana ningependa mtu huyo awe mumeo. Usingizi usiporudi apelekwe hospitali, na kama ataanza kusema maneno ya kuchoka na maisha, apelekwe siku hiyo hiyo, pilau la arobaini watapika wengine.