Gridi Haitulii

Swali: Katika makala yangu kuhusu umeme niliandika "ulandanishi wa jenereta", mhariri akafuta na kuweka "usawazishaji". Nani yuko sahihi? Na je, "utulivu wa gridi" ni Kiswahili fasaha?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa la kwanza uko sahihi wewe. Jenereta zilizoungwa kwenye gridi moja hazilazimiki kuwa sawa. Moja yaweza kuwa ya megawati 5 na nyingine ya 500, mradi mawimbi ya umeme wake yapande na kushuka pamoja, na huko ndiko kulandana. Fundi hulinganisha volteji na frikwensi (mara ngapi mawimbi hayo hupanda na kushuka kwa sekunde), kisha hukodolea macho mshale unaozunguka polepole wa sinkroskopu, kifaa kinachoonyesha kama mashine inakwenda pamoja na gridi, na huiunga mashine pale tu mshale unapokaribia kusimama wima. Usawazishaji tuuache kwa kazi yake: kulinganisha umeme unaozalishwa na unaotumiwa.

La pili ndilo linalonitoa povu. Utulivu ni hali ya kutotikisika, na hakuna gridi ya namna hiyo duniani. Kila pampu ikiwashwa na kila wingu likipita juu ya paneli za sola, frikwensi huyumba kidogo kandokando ya hezi 50 (au 60 huko Marekani), rota nzito, yaani sehemu za jenereta zinazozunguka, hubadili kasi, vidhibiti huongeza au kupunguza mvuke, na mfumo hurudi mahali pake. Uwezo huo wa kuyumba na kurudi ndio uthabiti, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kusimama imara.

Tuchukue usiku wa 4 Novemba 2006, mfano nisiochoka kuutumia. Nchini Ujerumani njia ya umeme inayovuka mto Ems ilizimwa ili meli ipite, na umeme wake ukahamia njia nyingine. Kwa takriban nusu saa gridi ya Ulaya ilikuwa tulivu kiasi cha kumridhisha mwandishi yeyote wa magazeti: taa zinawaka, frikwensi iko palepale. Ilipofika kama saa 4:10 usiku, njia zilizoelemewa zikakatika moja baada ya nyingine, gridi ikapasuka mapande matatu, na kila pande likashika frikwensi yake. La magharibi lilishuka hadi karibu hezi 49, na zaidi ya nyumba milioni 15 zikaathirika. Jenereta ndogo zilizotawanyika zilizidisha balaa, kwa kuwa upande wa magharibi mitambo mingi ya upepo ilijitoa wakati ikihitajika, na kaskazini-mashariki, ambako umeme ulikuwa umezidi, mingine ikajirudisha yenyewe. Mapande hayo yalilandanishwa tena baada ya dakika 38; mhariri wako aone kwamba hayakusawazishwa.

Sasa utulivu huo ulikuwa wa nini? Gridi ilitulia bila kuwa thabiti, na mwandishi mwenye neno moja tu kwa hali zote mbili hawezi hata kusimulia kisa hicho. Leo anazihitaji zaidi tofauti hizo, maana inveta nyingi za sola, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa mawimbi kama wa gridi, hazina rota ya kuzuia frikwensi isiporomoke, bali huifuata tu ile zinayoikuta. Kwa "utulivu wa bei" nimekwishasalimu amri, kwa kuwa bei angalau huweza kutulia. Kwa gridi sikubali.