Maswali ya Wasomaji: Kupanga Bendi za Roki Bila Kujidanganya

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: orodha ya bendi bora za roki, nani awe juu na nani ashuke. Wengi wametuma orodha zao na matusi kidogo kwa wanaopinga. Tumezichagua zile zilizouliza namna ya kupanga, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Swali: Wahariri, salaam. Nina bendi ishirini za roki ninazozipenda kweli, lakini orodha yangu haitulii. Leo Queen ni ya kwanza, kesho ni ya saba. Nakosea wapi?

Jibu: Unakosea kwa kuzipanga zote kwa mkupuo. Bendi 20 zina jozi 190 za kulinganisha, na hakuna kichwa kinachozibeba zote. Zigawe kwanza mafungu matatu: zile ambazo albamu zake unazirudia bila kukumbushwa na mtu, zile unazozifurahia zikipigwa, na zile unazoziheshimu tu kwa kuwa kila mtu anazisifu. Fungu la tatu litakushangaza kwa ukubwa wake. Liweke pembeni. Ukibakiwa na bendi nane katika fungu la kwanza, jozi ni 28, kazi ya siku tatu.

Andika kila jozi kwenye karatasi na ujiulize swali lile lile: usiku huu nikiruhusiwa albamu moja tu kutoka kwa hawa wawili, naweka ya nani? Mshindi apate alama moja. Usizidishe jozi kumi kwa kikao kimoja, maana sikio likichoka hupendelea chenye kelele au kilichozoeleka. Utakutana na mduara pia: Queen imeishinda Pink Floyd, Pink Floyd imeishinda Black Sabbath, halafu Black Sabbath inaishinda Queen. Hapo hujachanganyikiwa, umebadilisha kipimo njiani. Mara ya kwanza ulipima uimbaji, ya pili utunzi, ya tatu uzito wa gitaa. Rudia hizo jozi tatu kwa kipimo kimoja.

Ukimaliza, ifungie karatasi. Baada ya wiki mbili panga upya bila kuichungulia ya kwanza. Bendi iliyosogea nafasi moja au mbili imefungana na jirani yake, ziandike sare yaishe. Iliyoruka nafasi sita, kama Queen yako, kwa kawaida ni bendi unayoijua kwa vibao vilivyotamba na albamu zake hujazimaliza. Siku ukikutana na kibao inapanda, siku usipokutana nacho inashuka.

Orodha ikishatulia, bendi mpya haihitaji kupambanishwa na zote. Kama una 15, ilinganishe na ya nane. Ikishinda, ipeleke kwa ya nne. Ikishindwa, kwa ya kumi na mbili. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Kwa maswali manne itakuwa imepata kiti chake.

Swali: Nirvana wana albamu tatu tu za studio. Rolling Stones wapo tangu 1962. Nikijumlisha alama, wazee wanashinda kila mara. Nikitafuta wastani, wazee wanaangushwa na albamu zao mbovu. Nifuate lipi?

Jibu: Usifuate lolote kati ya hayo mawili. Jumla humzawadia aliyeishi sana, wastani humwadhibu kwa kuishi sana. Linganisha kilele kwa kilele: chukua albamu tatu za studio zinazofuatana, zile bora kuliko tatu nyingine zozote za bendi hiyo, basi. Neno "zinazofuatana" ndilo lenye kazi. Bila hilo utamchagulia mpenzi wako albamu moja kila baada ya miaka kumi, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa Rolling Stones utaumia kidogo, kwa sababu wana nne mfululizo: Beggars Banquet (1968), Let It Bleed (1969), Sticky Fingers (1971) na Exile on Main St. (1972). Lazima moja ya pembeni ikatwe. Tungekata ya kwanza. Kwa Nirvana hakuna cha kuchagua, unachukua Bleach (1989), Nevermind (1991) na In Utero (1993) zote. Bleach ilirekodiwa kwa dola 600 hivi na inasikika hivyo. Usiipunguzie alama kwa sauti ya kimaskini, ipunguzie kwa nyimbo zisizokaa kichwani, ambazo zipo.

Alama ya albamu tafuta hivi: hesabu nyimbo usizoziruka, gawanya kwa nyimbo zote. Albamu ya nne ya Led Zeppelin ina nyimbo nane. Ukiruka moja, imepata 7 kwa 8, yaani asilimia 88. Njia hii inagoma kwa albamu kama The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973), ambamo vipande vimeungana na vingine havina hata uimbaji. Hiyo ipime kwa upande mzima wa santuri: umeusikiliza hadi mwisho bila kugusa simu, au umegusa?

Wasomaji wawili wameuliza pia bendi ikibadilisha watu inakuwaje. Tazama anayetunga. AC/DC walimpoteza mwimbaji Bon Scott Februari 1980, na Julai mwaka huo huo wakatoa Back in Black na Brian Johnson. Ndugu wawili Angus na Malcolm Young, wenye magitaa na wenye tungo, walikuwa pale pale, kwa hiyo ni bendi moja. Fleetwood Mac wa Peter Green, waliopiga bluzi, na Fleetwood Mac wa Rumours (1977) wana mpiga ngoma yule yule na besi ile ile, ila sauti na watunzi ni wengine. Hao ni bendi mbili, ziandike mara mbili.

Swali: Nikisikiliza nyimbo za mwanzo za The Beatles kwa hedifoni, waimbaji wako sikio moja na vyombo sikio la pili. Simu imeharibika? Na mbona rekodi za zamani zinasikika dhaifu kuliko mpya?

Jibu: Simu ni nzima. Albamu Please Please Me (1963), ambayo nyimbo zake kumi zilirekodiwa siku moja tu, tarehe 11 Februari, iliingizwa kwenye utepe wa njia mbili: njia moja vyombo, nyingine waimbaji. Njia hizo zilikusudiwa kuwarahisishia mafundi kupima uwiano kabla ya kuziunganisha ziwe mono, yaani sauti moja kwa masikio yote mawili, ambayo ndiyo wanunuzi wengi walikuwa nayo. Toleo la stereo likaziacha zilivyo, moja kushoto na moja kulia. Ukimwazima mwenzako kipande kimoja cha hedifoni, mmoja wenu anasikia bendi isiyo na mwimbaji. Tiba iko kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, penye "sauti ya mono". Washa hapo. Bora zaidi ni kutafuta matoleo ya mono yaliyotolewa upya 2009. Hadi albamu yao ya mwaka 1968 walichanganya mono kivyake. Abbey Road (1969) ni ya stereo, usiigeuze mono.

Udhaifu unaousikia ni suala la kiwango cha sauti, na hili limeharibu orodha nyingi kuliko ushabiki. Sikio likipewa rekodi mbili, huipenda ile yenye sauti kubwa kidogo hata kama tofauti ni desibeli moja. Kuanzia miaka ya 1990 mafundi walianza kubana muziki ili kila sehemu iwe juu: ngoma inapopigwa kwa nguvu haina tena pa kupandia, inakwaruza. Sikiliza Californication ya Red Hot Chili Peppers (1999) kwa saa nzima uone kichwa kinavyouma. Death Magnetic ya Metallica (2008) ilibanwa kiasi kwamba mashabiki walikimbilia nyimbo zile zile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, kwa sababu huko zilikuwa zinapumua.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, sawazisha. Kwenye programu ya muziki washa usawazishaji wa sauti, na kama inakupa chaguo, chagua wa albamu nzima badala ya wimbo mmoja mmoja. Ule wa wimbo mmoja huinua nyimbo za taratibu hadi zilingane na za kelele, na mpangilio wa albamu unakufa. Kwa spika, pakua programu ya kupimia sauti, weka simu pale kichwa chako kinapokaa, tafuta wastani wa desibeli 75 kwa kila albamu na usiruhusu tofauti izidi moja. Mwisho, angalia toleo. Albamu ile ile inaweza kuwepo mara nne, na zile za "kusafishwa upya" si lazima ziwe bora, nyingine zimebanwa tu.

Swali: Wajuzi wanasema "sikiliza kwa makini". Nisikilize nini hasa?

Jibu: Chagua kitu kimoja kwa kila mzunguko. Anza na "Money" ya Pink Floyd na uhesabu kwa mguu. Ukihesabu hadi nne utapotea. Hesabu hadi saba, na kila saba gitaa la besi linaanza upya. Saksafoni inapiga juu ya hiyo saba. Gitaa la David Gilmour linapoingia, wimbo unahamia nne na mwili wako unajua kabla yako. Kisha "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin: ngoma za John Bonham ziliwekwa chini kwenye ukumbi wa jumba la Headley Grange, maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu kwenye ngazi. Unachosikia zaidi ni jumba lenyewe.

Kwa gitaa, Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani, na yeye ni mashoto, kwa hiyo huo ndio mkono unaobana nyuzi. Akajitengenezea vikofia vya vidole na kutumia nyuzi nyepesi. Kwenye Master of Reality (1971) akalegeza gitaa nusu toni tatu chini ili nyuzi zisimchoshe. Uzito ule ambao bendi maelfu zimeuiga ulianzia hapo. Keith Richards wa Rolling Stones naye alitoa uzi mnene kabisa akabaki na nyuzi tano, zilizokazwa kwa noti G D G B D. Jaribu kupiga "Brown Sugar" kwa nyuzi sita za kawaida, utaona haikai.

Swali: Tuko watano, kila mmoja ana orodha ya bendi kumi. Tuliunganisha kwa alama 10 hadi 1, ikashinda bendi ambayo hakuna aliyeiweka ya kwanza! Imekuwaje?

Jibu: Hesabu haijakosea. Bendi iliyoshika nafasi ya tatu kwa wote ina alama 8 mara 5, ni 40. Iliyo ya kwanza kwa watatu na haipo kabisa kwa wawili ina 30. Njia hiyo huipandisha bendi isiyomkera mtu. Mkitaka mapenzi makali yahesabike, gawanyeni moja kwa nafasi: ya kwanza alama 1, ya pili 0.5, ya tatu 0.33. Hapo ile ya watatu inapata 3, na ile ya tatu kwa wote inapata 1.65. Mkubaliane njia kabla ya kufungua karatasi, si baada ya kuona mshindi.

Swali: Mnajua kupima, lakini orodha yenu wenyewe iko wapi?

Jibu: Kwa kilele cha albamu tatu, hii hapa. The Beatles juu, kwa Rubber Soul, Revolver na Sgt. Pepper's, zote ndani ya 1965 hadi 1967. Led Zeppelin wa pili, Black Sabbath wa tatu, na hapo tunajua tutapigiwa kelele na wapenzi wa Rolling Stones, ambao ni wa nne kwa tofauti ndogo mno. Tano Pink Floyd. Sita The Jimi Hendrix Experience, ambao albamu zao tatu zote zilitoka kati ya 1967 na 1968. Saba Queen, nane Radiohead, tisa Nirvana. Kumi ni WITCH wa Zambia, wale wa zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya 1970; mwimbaji wao Jagari alipata jina kutoka kwa Mick Jagger, na Lazy Bones!! (1975) ina gitaa chafu lililokaa juu ya mapigo ambayo Waingereza hawakuwa nayo. Metallica wamebaki nje mlangoni. Ride the Lightning na Master of Puppets zinatosha kuingia, lakini ya tatu tuliyoichukua ni inayofuata, ...And Justice for All (1988), na humo gitaa la besi karibu halisikiki.

Queen ndiyo inayoumizwa zaidi na kipimo chetu, tunakiri. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alikuwa mtu wa jukwaani, na zile dakika 21 hivi za tamasha la Live Aid uwanjani Wembley tarehe 13 Julai 1985 hazimo kwenye albamu ya studio. Ukiongeza alama za jukwaani, ya saba inaruka hadi ya pili, na Pink Floyd, waliosimama kwenye moshi na taa bila kumtazama mtu, wanashuka.