Re: Kambi kando ya mto, hema niweke wapi?

Mkuu umeuliza hema uweke karibu na maji kiasi gani na kama maji ya mto unaweza kuyanywa hivyo hivyo, maana huko hamna choo wala bomba.

Nianze na hema. Pale kwenye mchanga laini panavutia kweli ila usithubutu, mto unaweza kujaa usiku kisa mvua imenyesha huko juu mbali na wewe hata tone hujaliona. Cheki vichaka vya pembeni, ukikuta majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi usawa wa kiuno ujue maji yalishafika hapo, we panda juu zaidi. Mimi nilijifanya mjanja nikaja kushtuka saa tisa usiku godoro limeloa chapachapa na sufuria imeshaenda na maji, sijaiona mpaka leo 😂

Maji chemsha, hata kama ni meupe mpaka unaona kokoto chini. Yakishatokota yaache yaendelee kuchemka dakika 1, ukiwa juu ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari acha 3. Yakiwa na tope yachuje kwanza na kitambaa.

Choo ni kuchimba tu, kishimo cha sentimita 15 hadi 20, kama mita 60 hivi kutoka mtoni, ukimaliza fukia. Vyombo navyo usioshee mtoni, chota maji ukaoshee mbali.

Moto washa mdogo, na asubuhi umwagie maji ukoroge jivu mpaka ukiligusa kwa mkono liwe la baridi ndo uondoke.