Maswali na Majibu: Stika ya i7 Haiongezi Mbio

Ipi kali, i5 au i7? (Mwanjelwa, Mbeya)

Hili limekuja tena, na jibu halijabadilika. Umekwenda sokoni kuuliza bei ya gunia bila kusema gunia la nini. i5 na i7 ni majina ya aina tu za prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Niandikie namba yote, pamoja na herufi ya mwisho.

Shikamoo. Nasoma uhandisi Iyunga. Nimepata laptopu mbili za mtumba: moja ina Core i7-7500U, nyingine i5-8250U na inazidi bei kwa elfu 50. Muuzaji anasema nichukue i7 kwa kuwa ina 2.7 GHz na ile i5 ina 1.6 tu. Anasema kweli?

Marahaba. Namba kakutajia kweli, ila maana yake kaipindua.

i7-7500U ilitoka 2016. Ina viini 2 (sehemu zinazopiga hesabu) na nyuzi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), kache (kumbukumbu ya haraka ya ndani) ya MB 4, na ikikaza inafika 3.5 GHz. i5-8250U ilitoka 2017 ikiwa na viini 4, nyuzi 8, kache ya MB 6, na mwisho wake ni 3.4 GHz. Zote ni za wati 15. Ile 1.6 anayokutishia nayo ni kasi ya msingi tu, ile ambayo prosesa imeahidiwa kuishikilia viini vyote vikiwa kazini ndani ya wati hizo. Viini vikiwa vinne vinagawana umeme uleule uliokuwa wa viwili, kwa hiyo lazima ahadi ishuke. Ukifungua faili moja la Word, zote mbili zinaruka hadi kwenye 3.4 au 3.5, na hutaona tofauti.

Utaiona kwenye kazi nzito. Kuchora AutoCAD ya 2D kwa sehemu kubwa kunategemea kiini kimoja, kwa hiyo hapo zinakaribiana. Ukianza kutengeneza picha kamili ya jengo, kuendesha kompyuta pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta yako), au kufungua tabo 20 za kivinjari huku MATLAB inapiga hesabu, i5 inaiacha i7 mbali. Grafiki isikusumbue: HD 620 ya i7 na UHD 620 ya i5 ni kitu kilekile kilichoongezewa herufi.

Kuna jingine ambalo hukuuliza, nalo kwangu ndilo linalokata shauri. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na 7500U ni ya kizazi cha 7, 8250U ya cha 8. Fundi atakuwekea kwa ujanja na itawaka vizuri, lakini Microsoft haijaahidi kuipa masasisho. Toa hiyo elfu 50.

Kabla hujaitoa, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha CPU. Soma jina la prosesa hapo, na uhakikishe Cores ni 4. Stika ya nje usiisome kabisa, kwa sababu stika hubanduka na kubandikwa kokote. Halafu zima, washa, uingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, rudisha mashine mezani kwake. Nyingi za hizi zilikuwa mali ya maofisi ya nje, na nyingine zinakuja bado zimefungwa. Kuzifungua si kazi ya kufuta Windows na kuweka upya.

Je, naweza kubadilisha prosesa ya laptopu yangu ya i5-6200U nikaweka i7? (Mafinga)

Hapana. Imechomelewa kwenye bodi kuu. Weka SSD (diski ya kasi) na ufikishe RAM GB 8 au 16.

Mimi ni mwalimu Tukuyu. Dukani kuna laptopu mpya ya Celeron N4020, RAM GB 4, yenye waranti. Mtaani kuna mtumba wa i5-6300U, RAM GB 8. Kazi yangu ni mitihani, Excel ya matokeo na kuonyesha wanafunzi video. Nichukue ipi?

Mwalimu, neno "mpya" limewaponza wengi. N4020 ya mwaka 2019 ina viini 2 na nyuzi 2 tu, kwa wati 6. Faida yake ni kutokula chaji, na Windows 11 inaikubali. Lakini kwenye laptopu nyingi za bei hiyo RAM ya GB 4 imechomelewa, na hifadhi ni eMMC (hifadhi ya bei nafuu, ya polepole kuliko SSD) ya GB 64. Windows yenyewe na masasisho yake vikishakaa humo, unabaki unafuta video za darasa ili Excel ifunguke.

i5-6300U ni ya 2015, viini 2 na nyuzi 4, hadi 3.0 GHz. Ni nzee, lakini kwa kazi zako inaipita hiyo Celeron bila kutoka jasho. Kasoro ni mbili: Windows 11 haiikubali, na betri ya mtumba huwa imechoka. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa imebaki nusu, hesabu bei ya betri nyingine ndani ya bei ya laptopu. Kama uko tayari kutumia Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Word na Excel), ichukue. Kama lazima iwe Windows, subiri upate chochote chenye kizazi cha 8. Celeron hiyo mwachie mwenye duka na waranti yake.

Nahariri video za harusi na kipaimara hapa Iringa. Ryzen 5 5500U au Core i5-1135G7?

Hili ndilo swali lililoulizwa sawasawa, namba zote zimo. 5500U ina viini 6 na nyuzi 12, hadi 4.0 GHz. 1135G7 ina viini 4 na nyuzi 8, hadi 4.2. Kwa kazi inayolemea prosesa yenyewe, kama kupunguza chengachenga za picha za usiku au kubana video kwa programu, Ryzen inashinda. Intel ina Quick Sync, mtambo wake maalumu wa kufungua na kufunga video za H.264 na H.265 (njia za kubana video), na Premiere, programu ya kuhariri, imeuzoea siku nyingi. Kukata, kupanga na kutoa video ya saa tatu za ukumbini kunakwenda laini zaidi humo. Kwa kazi yako ningechukua Intel, kwa sharti moja.

Sharti lenyewe ni RAM mbili, kila sloti na yake. Grafiki ya 1135G7 inaitwa Iris Xe, lakini ukiweka RAM moja tu mfumo unaiita UHD Graphics na nguvu inashuka. Watu wamenunua GB 16 ya kipande kimoja, kisha wanalaumu prosesa. Ryzen nayo huumia kwa RAM moja, ila jina halibadiliki, basi mwenyewe hajui.

Tena, prosesa hizi mtengenezaji wa laptopu ndiye anayezipangia wati: 1135G7 kuanzia 12 hadi 28, 5500U kuanzia 10 hadi 25. Jina moja ndani ya maboksi mawili linaweza kutoa kasi mbili. Ukijaribu dukani, toa video kwa dakika 15, dakika mbili hazitoshi.

Na majina ya AMD, watengenezaji wa Ryzen, ni mtego. 5500U imejengwa kwa Zen 2, 5600U kwa Zen 3 (Zen ni muundo wa ndani wa prosesa, na namba kubwa ni mpya zaidi). Halafu kuna 7520U ya mwaka 2022: namba kubwa, viini 4, Zen 2 ileile. Kwenye zile ambazo namba yake inaanzia elfu saba, tazama tarakimu ya tatu, ndiyo inayotaja Zen.

Latitude yangu ya Dell ina i5-8350U lakini haivuki 1 GHz. Fundi anasema prosesa imekufa. (Makambako)

Prosesa ikifa, mashine haiwaki. Chomoa chaja na utazame kasi ikiwa kwenye betri. Ikipanda, tatizo ni chaja: Dell isipoitambua chaja hupunguza kasi kwa makusudi, na huandika onyo wakati wa kuwaka. Tafuta chaja halisi ya wati 65.

Isipopanda, huenda ni joto: ifungue usafishe feni na ubadilishe pesti ya joto, ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto. Na kama Juni na Julai unaifanyia kazi kitandani juu ya blanketi kwa ajili ya baridi, tundu za hewa ziko chini, na umeziziba wewe.